Baiti Ishirini na Nne

Ukiwasha Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1982, skrini ya buluu inakuarifu kwamba baiti 38911 ziko wazi kwa programu za BASIC. Namba hiyo mashine imeikokotoa papo hapo, na unaweza kuihakiki. Andika PRINT PEEK(43), yaani soma baiti iliyo kwenye anwani 43, utapata 1. PEEK(44) itakupa 8. Zidisha 8 kwa 256, ongeza 1, unapata 2049: anwani ambapo programu yako itaanzia. Anwani 55 na 56 zina 0 na 160, yaani 40960, ukomo wa juu. Toa 2049, zinabaki 38911.

Kumbukumbu nzima ina anwani 65536, lakini mkalimani wa BASIC ameweka vitu vyake vya karibu katika 256 za mwanzo, zinazoitwa ukurasa sifuri. Prosesa ya mashine hii, 6510, ni ya ukoo wa 6502. Amri ya kusoma baiti ya ukurasa sifuri ina urefu wa baiti 2 na hutumia mapigo 3 ya saa. Kwingineko ni baiti 3 na mapigo 4. Tena, prosesa ikitaka kusoma data kwa kufuata anwani iliyoandikwa mahali fulani, anwani hiyo sharti ikae huko chini. Ric Weiland na Bill Gates walipoitayarisha BASIC ya Microsoft kwa ajili ya 6502 mwaka 1976, walipanga nafasi hizo kama fundi cherehani anayejua mkasi ukae wapi na pini zikae wapi.

Tazama mpangilio wenyewe ukifanya kazi. Andika 10 A=5, ubonyeze RETURN. Kuanzia 2049 zinakaa baiti mbili za anwani ya mstari unaofuata, mbili za namba ya mstari, kisha 65 ambayo ni A, 178 ambayo ni alama ya sawasawa, 53 ambayo ni tarakimu 5, na sifuri ya kufunga mstari. Sifuri mbili zaidi zinafunga programu. Sasa uliza PEEK(45) na PEEK(46): 11 na 8, yaani 2059, baiti inayofuata sifuri ya mwisho. Hapo ndipo vigeu vitakapoanzia. Ukiendesha programu kwa RUN, A inachukua baiti saba, mbili za jina na tano za thamani, na kielekezi cha 47, yaani anwani ya mpaka iliyohifadhiwa hapo, kinasogea hadi 2066. Mifuatano ya herufi inajazwa kutoka juu kushuka chini, majedwali yanapanda, na vielekezi hivi ndivyo vinavyolinda mpaka. Hata amri ya NEW haifuti programu yako: inaweka sifuri mbili mwanzoni na kurudisha vielekezi. Waliojua hilo waliweza kufufua kazi iliyodhaniwa imepotea, mradi hawajaandika kitu kingine juu yake.

Lakini ninapopenda kukaa zaidi ni anwani 115 hadi 138. Hapo pana programu ndogo ya baiti 24, CHRGET, inayosoma programu yako herufi moja baada ya nyingine. Kompyuta ikiwaka, programu hiyo inanakiliwa kutoka kumbukumbu ya kudumu, na sababu inaonekana hatua ya kwanza tu. Inaongeza 1 kwenye anwani 122. Ikizunguka hadi sifuri, inaongeza 1 kwenye 123. Kisha inafika 121, penye amri ya kusoma, na anwani ya kusomwa ni hizohizo 122 na 123. Kielekezi kiko ndani ya amri yenyewe. CHRGET inajiandika upya kila inapopiga hatua, jambo lisilowezekana katika kumbukumbu isiyoandikika.

Herufi iliyosomwa inalinganishwa na 58, nukta mbili. Ikiwa 58 au zaidi, kazi imekwisha. Ikiwa 32, nafasi tupu, inarukwa. Iliyobaki inatolewa 48, halafu 208. Jumla ya hizo ni 256, na baiti ikitolewa 256 inarudi ilivyokuwa. Herufi haijaguswa! Kilichobaki ni alama ya kukopa ndani ya prosesa: imekopa, basi ni tarakimu, haijakopa, si tarakimu. Na alama ya sifuri inawaka mstari ukiisha au nukta mbili ikionekana, kwa hiyo mwisho wa kauli unatambulika bila kuulizwa tena. Hakuna tawi lililoongezwa kwa ajili ya hayo yote. Mtu aliyeandika hivi alikaa na karatasi yake mpaka baiti zikakubali kupungua.

Kwa kuwa CHRGET inakaa penye kuandikika, wengine waliweza kuipenyezea mambo yao. Programu fupi iliyokuja na kiendeshi cha diski cha Commodore inabadilisha baiti tatu kuanzia 124, na herufi zote zinapita kwanza kwake. Ndiyo maana, ukiipakia, unaandika @ ikifuatwa na alama ya dola na orodha ya faili inajitokeza, huku programu iliyo kwenye kumbukumbu ikibaki palepale.