Mti Mkavu na Mikarafuu Mibichi
Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Zanzibar, alikiita kitabu chake cha mwaka 1977 "Asali Chungu", na kingine cha mwaka 1980 "Dunia Mti Mkavu". Msomaji wa Pemba, aonaye mikarafuu mibichi vilimani, aweza kuuliza: Mbona ayatukana maumbile? Sisi twaona sivyo. Asali na mti ni mifano tu. Uchungu na ukavu ni wa wanadamu wadhulumianao. Hata mikarafuu ya kale ya Pemba ilichumwa kwa jasho la watumwa, mpaka utumwa ulipokatazwa kwa sheria mwaka 1897. Basi, mtunzi asifuye harufu ya karafuu yampasa amtaje na mchumaji. Akimficha, amesema nusu tu ya kweli.