Kusia mbegu na kupandikiza miche

JUMA lililopita nilimsikia mtaalamu mmoja redioni akiwaelekeza wanaokuza mboga nyumbani: "Panda mbegu za nyanya kwenye kitalu, kisha baada ya wiki nne hivi upande tena bustanini."

Jirani yangu naye alikuwa akisikiliza. Jioni akaniuliza: "Mwalimu, sasa ninunue mbegu zingine?"

Hakuwa akifanya mzaha. Kitenzi 'panda' kina maana pana: tunapanda mbegu, tunapanda mche, tunapanda hata kipande cha shina la muhogo. Kukitumia si kosa. Tatizo ni kukitwika kazi mbili tofauti katika sentensi moja, ilhali maneno mahsusi yapo. Mbegu ndogo ndogo zinapomwagwa kitaluni, tunazisia. Zikiota, tunapata miche. Kuihamisha miche hiyo hadi mahali itakapokulia ni kuipandikiza. (Kupandikiza figo tumekuzoea, mbona nyanya zitushinde?) Mtaalamu yule angesema: "Sia mbegu za nyanya kwenye kitalu, kisha baada ya wiki nne hivi upandikize miche bustanini."

Hili si suala la kamusi tu. Nyanya na sukumawiki huvumilia kuhamishwa. Karoti je? Mzizi wake ndio chakula chenyewe. Ukivurugwa, hugawanyika au kupinda. Kwa hivyo karoti hatuzipandikizi; tunazisia pale pale zitakapokomaa, kisha tunang'oa zilizosongamana. Anayeambiwa 'panda' tu atajuaje?

Jirani yangu, kwa bahati, hakuwa amenunua zile mbegu.