Lahaja, Uzembe na Maneno Yaliyochoka: Uhakiki wa Malalamiko kuhusu Kiswahili cha Arua na Koboko

Malalamiko kuhusu Kiswahili cha West Nile yamerudiwa hata yakawa yenyewe ni maneno yaliyochoka. Mifano ni ileile: mwenye hoteli hucheka­wa kwa kusema "chakula iko" badala ya "chakula kipo", anayekataza huambiwa aache "hapana pita hapa" aseme "usipite hapa", anayeandika "apa" hukumbushwa herufi h. Makala haya yanadai kuwa malalamiko hayo yanachanganya mambo matatu yasiyofanana: lahaja, uzembe wa tahajia na uchakavu wa maneno. Kuyatenganisha ni jambo la haraka, kwa kuwa mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari.

Kwanza ni lahaja. Arua imekaribiana na mpaka wa Kongo. Koboko iko karibu na mahali inapokutana mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Hapo Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala na Kiarabu cha Juba hukutana sokoni, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha wauzaji na wanunuzi. Kiswahili hicho hakikuletwa na vitabu vya shule. Kilienea kwa njia ya jeshi la kikoloni la King's African Rifles, lililoandikisha vijana wengi wa eneo hilo, na kwa biashara ya kuvuka mpaka. "Iko" inayotumika bila kufuata ngeli na "hapana" inayokanusha kitenzi husikika pia, kwa viwango mbalimbali, mashariki ya Kongo na bara ya Kenya. Matumizi yenye utaratibu na yaliyoenea hivyo hayawezi kuitwa uzembe. Kiswahili sanifu chenyewe ni zao la uamuzi: Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, ambayo Uganda ilikuwamo, ilisimamia usanifishaji uliojengwa juu ya Kiunguja. Uamuzi huo umefaa sana kwa vitabu na mitihani, lakini haukuwa hukumu dhidi ya namna nyingine za kusema.

Pili ni tahajia. Hapa walalamikaji wana haki. "Ana kuja" kwa "anakuja", "kwasababu" kwa "kwa sababu" na "uku" kwa "huku" ni makosa ya uandishi, na hayana mji wake maalumu. Dar es Salaam na Nairobi huandikwa "hasante" na watu waliozaliwa ndani ya lugha. Madhara yake ni dhahiri pale herufi moja inapobeba maana. Kalamu si karamu, mahali si mahari, na tangazo la afya linalowataka watu "wachukue athari" badala ya "hadhari" limewaagiza kinyume. Katika wilaya ya Koboko, ambako makazi ya Lobule yamepokea wakimbizi kutoka Kongo, anayeandika tangazo la umma hana udhuru wa kutolisoma mara ya pili.

Tatu ni uchakavu wa maneno, na huu hauanzii sokoni. Unaanzia kwenye ripoti na hotuba: "suala zima la", "wadau mbalimbali", "mikakati kabambe", "kujengea uwezo", na "changamoto" iliyomeza kila tatizo. Mchuuzi akisema "maji hapana" ameeleweka. Ripoti ikiandika "changamoto katika suala zima la upatikanaji wa maji" imeficha kama kisima kimekauka, pampu imevunjika, au fedha za matengenezo hazikutolewa, na imemficha pia anayepaswa kuwajibika. Kisarufi sentensi hiyo haina doa, ndiyo maana huponyoka kalamu nyekundu.

Mchanganyo huu una gharama. Sehemu nyingine za Uganda, hasa Buganda, Kiswahili kilichukiwa kwa muda mrefu kama lugha ya askari. Mtoto wa sokoni Koboko huweza kufika darasani akiwa tayari anakisikia na kukisema. Akikutana na mwalimu aliyejifunza lugha kwa kitabu tu, na kila "iko" yake ikachekwa, atajifunza kunyamaza. Sera iliyokusudiwa kukuza wasemaji itakuwa imewanyamazisha wale iliowakuta.

Itajibiwa kuwa mtihani hupima Kiswahili sanifu, na kumhurumia mtoto ni kumwandalia alama mbaya. Hoja hiyo ina uzito, nayo inadai sanifu ifundishwe kwa bidii, si kwa dhihaka. "Chakula iko" na "chakula kipo" zikiandikwa ubaoni bega kwa bega, mwanafunzi huona ngeli inafanya kazi gani, na huona wapi kila umbo linafaa.

Mwongozo wa walimu wa West Nile basi utenganishe alama za aina tatu: umbo la lahaja lilinganishwe na sanifu, kosa la tahajia lisahihishwe bila ajizi, na maneno yaliyochoka yadaiwe maana. Zoezi hilo la tatu lianzie kwenye nyaraka za wanaoshauri sera, kabla ya daftari za watoto.