Lafudhi ya Kuazima: Juu ya Utunzi wa Kichekesho Kimoja cha Redio

Wahakiki wetu wameishughulikia sana riwaya, tamthilia na ushairi wa Kiswahili, wala hatuwezi kuwalaumu kwa hilo. Lakini mchezo wa kuchekesha wa redio, ambao umewafikia watu wengi kuliko vitabu vingi tulivyokwisha kuvihakiki, umeachiwa watangazaji na watayarishaji wao. Tukiutaja huutaja kwa mkato, kama burudani ya jioni isiyostahili istilahi. Katika makala haya sikusudii kuziba pengo hilo lote. Nakusudia kulijadili jambo moja tu la utunzi wa michezo hiyo, nalo ni lafudhi: hutoka wapi, huundwa na nani, na humfanyia nini mhusika aliyepewa.

Jukwaani mhusika huja na uso, mavazi na mwendo. Redioni huja na sauti peke yake. Akitamka neno moja tu, msikilizaji amekwisha kumvika nguo, kumpa umri na kumpeleka kwao. Kwa hiyo lafudhi ni chombo chepesi mno mkononi mwa mtunzi, na chombo chepesi hutumiwa ovyo. Napendekeza tutofautishe namna mbili. Ya kwanza nitaiita lafudhi ya kibandiko: mhusika hubandikwa matamshi fulani ili tumcheke, na matamshi hayo yakiondolewa hapabaki mtu. Ya pili ni lafudhi ya tabia: matamshi ni sehemu ya mtu mwenye haja zake, hoja zake na werevu wake. Kipimo ninachokitumia ni rahisi. Je, mhusika huyu anaweza kushinda katika mabishano bila ya kuibadili lafudhi yake?

Mfano mkongwe na wenye mafunzo zaidi unatoka mbali na kwetu. Tarehe 19 Machi, 1928, kituo cha WMAQ cha Chicago kilianza kutangaza Amos 'n' Andy, mchezo wa Wamarekani Weusi wawili waliohamia mjini kutafuta maisha. Waliouandika na kuuigiza walikuwa Wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll. Namna walivyoitengeneza sehemu moja ya dakika 15 yastahili kuangaliwa kwa makini. Waliandika mswada wenyewe, wakaingia studio bila hadhira na bila mazoezi marefu, wakafunga mlango, wakausoma. Katika miaka ya mwanzo wao wawili ndio waliokuwa sauti zote: Gosden alikuwa Amos na tena Kingfish, Correll alikuwa Andy na wengineo. Umbali baina ya mdomo na kipaza-sauti ulikuwa sehemu ya uigizaji, maana Andy alisemwa kwa karibu sana na Amos kwa kujitenga kidogo. Wanawake walizungumziwa tu, hawakusikika. Nchi nzima ikawa inasikiliza chumba chenye watu wawili wanaoazima sauti za watu ambao hawamo chumbani.

Mwaka 1931 gazeti la Weusi, Pittsburgh Courier, lilianzisha kampeni ya kukusanya sahihi milioni moja kuupinga mchezo huo. Mwaka huo huo gazeti jingine la Weusi, Chicago Defender, liliwaalika Gosden na Correll kwenye sherehe yake ya watoto. Wahakiki wengi hulitaja tukio la kwanza na kulisahau la pili. Mimi naona yote mawili ni ushahidi wa jambo moja. Amos alikuwa mtu: alifanya kazi, alipenda, aliogopa kufilisika, na msikilizaji Mweusi aliweza kumhurumia. Lakini Kiingereza chake kilikuwa kimekatwa na kushonwa na wengine, na msikilizaji yule yule aliweza kulijua hilo pia. Mchezo ulipohamia televisheni mwaka 1951, ukaigizwa na Weusi wenyewe, malalamiko hayakwisha. Sauti ilikuwa imekwisha kuzoeleka, na waliokuja baadaye walilazimika kuiingia kama mtu anayevaa koti la mwingine.

Turudi kwetu. Tanzania, Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam walitoka katika methali, kwamba pwagu hupata pwaguzi. Kiini cha kicheko ni ujanja unaokutana na ujanja mkubwa zaidi, wala msikilizaji hahitaji kuuliza kabila la yeyote. Kenya ilichukua njia nyingine. Vitimbi ni mchezo wa televisheni, lakini msingi wake ni wa sikio, na mtu aliyefumba macho hapotezi mengi. Mzee Ojwang' anasema "sida" palipo na "shida", kwa kuwa Kijaluo hakina sauti ile. Aliyemwigiza, marehemu Benson Wanjau (alifariki Julai, 2015), alikuwa Mkikuyu. Ilimbidi aziache r na l za kwao zinazopishana, kisha ajijengee mfumo mwingine wa sauti na kuushikilia miaka mingi bila kuteleza. Hii ni kazi ya fonolojia iliyofanywa na mtu asiyehitaji istilahi zetu. Muhimu zaidi, Ojwang' hufaulu kipimo chetu. Ni mkaidi, ni mwenye majivuno, lakini mara kwa mara haki huwa upande wake, na akiipata huipata kwa lafudhi ile ile.

Je, mtu wa kaskazini yuko wapi katika vichekesho hivi? Yuko, lakini hana jina. Huitwa "warya". Neno hili lafaa lichunguzwe. Katika Kisomali, *waryaa* si nomino; ni mwito wa kumwitia mwanamume, kama sisi tusemavyo "we bwana!". Wakenya wa bara walilisikia likiitwa njiani na dukani, wakadhani ni jina la mwitwaji. Masikioni mwa Mswahili likaonekana hata kubeba kiambishi cha wingi, *wa-*, kana kwamba yupo "mrya" mmoja mahali fulani. Basi mtu mmoja akawa kundi kabla hajasema lolote. Kisha hupewa kibandiko chake: p hugeuzwa b, z hugeuzwa s, na kicheko hufuata.

Hapana budi tukumbuke mazingira ambamo sikio hili lilifunzwa. Wilaya za kaskazini zilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipitishwa katika uchunguzi maalumu wa kuthibitisha uraia wao. Katika kizuizi cha barabarani lafudhi haikuwa burudani. Sisemi kwamba kichekesho ndicho kilichomfunza askari. Yawezekana ikawa kinyume chake. Nasema wote wawili walikuwa wakisikiliza jambo moja.

Nilijifunza haya kwa aibu. Nilikuwa nimetunga mswada wa dakika 15 kwa ajili ya redio, nikiwa Nairobi, nikaupeleka Banissa, magharibi mwa Mandera karibu na mpaka wa Ethiopia, ili nirekodi kwa simu pamoja na walimu watatu, mama mmoja mwenye duka na dereva wa lori la maji. Kisa kilikuwa chepesi: dereva kutoka bara analeta maji, mfanyabiashara wa hapo anataka kupunguziwa bei. Mfanyabiashara nilimwandikia "bole bole" na "samani" kwa "pole pole" na "zamani". Mwalimu niliyempa sehemu hiyo ni mwenyeji. Alisoma "pole pole", kwa p safi kabisa. Nikamwomba asome kama ilivyoandikwa. Akajaribu, na kilichotoka kilikuwa sauti ya kijana wa Nairobi anayewaigiza watu wa kaskazini. Nilikuwa namfundisha mwenyeji kuzungumza kama mwenyeji.

Kosa langu la kitaalamu lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Wagarre wengi wa upande huo hawazungumzi Kisomali cha Garissa nyumbani. Huzungumza lahaja iliyo karibu sana na Kiborana. Kiborana kina *ch* na *ny*, sauti ambazo Kisomali sanifu hakina kwa namna ile. Hivyo "nyanya" na "chumvi" haziwasumbui. Tena watoto waliopitia duksi wamezoeshwa *gh*, *kh* na *dh* kwa kisomo cha Kurani tangu utotoni, na katika maneno kama "ghali" na "dhahabu" huwashinda wengi wetu tunaowasahihisha mitihani. Panapowakwaza kwa hakika ni upatanisho wa ngeli, jambo ambalo mtunzi wa lafudhi ya kibandiko halijui, kwa sababu halichekeshi kwa haraka.

Mama mwenye duka alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, huyu mtu wetu anauza nini?" Nikarudi kwenye mswada. Hakuuza kitu. Katika kurasa zote sikuwa nimempa bidhaa, wala mtoto, wala deni. Nilimpa b na s. Dereva ndiye aliyekuwa na safari, gurudumu lililopasuka na mke anayempigia simu. Swali lile ni uhakiki mzuri kuliko niliousoma katika vitabu vingi vya nadharia nilipokuwa nikisoma ng'ambo.

Lilikuwapo kosa jingine la sauti. Niliandika kwamba maji yamiminwe kwa wingi, ili msikilizaji ayasikie. Tulipoijaribu sehemu hiyo kwa dumu na karai, wote walicheka, nami nikafurahi, mpaka nilipoelezwa sababu: hakuna mtu wa Banissa angemimina maji hivyo. Walikuwa wanamcheka mwendawazimu asiyekuwamo katika kisa changu. Tukabadili. Maji yakasikika yakiingia dumuni kupitia mrija, polepole, na watu wamenyamaza. Ukimya ule ulikuwa na kicheko ndani yake, maana kila mmoja alikuwa anahesabu.

Mswada wa pili tuliuandika pamoja. Mfanyabiashara anauza mbuzi na mafuta ya taa, na anadaiwa na shemeji yake. Dereva, ambaye tulimfanya Mkikuyu, analalamika kwamba dizeli siku hizi ni "gari". Mfanyabiashara anamjibu, "Ikiwa dizeli ni gari, nipakie basi nifike Moyale." Dereva hakuelewa, naye akaeleweshwa taratibu, kwa *gh* iliyonyooka, na mtu aliyejifunza herufi hiyo kwa ubao wa mbao. Kwa kipimo changu mwenyewe, mtu wa kaskazini ameshinda mabishano bila kuibadili lafudhi yake.

Hata hivyo sikuridhika. Niliposikiliza tena usiku niliona kwamba nilikuwa nimeking'oa kibandiko mahali pamoja na kukibandika pengine. R na l za dereva zilikuwa zimegeuka kuwa yeye. Mwalimu mmoja alinitetea, akasema mzaha ukizunguka kwa zamu si dharau tena. Huenda. Ojwang' na majirani zake waliishi kwa kanuni hiyo, na ilikaa miaka mingi. Lakini zamu ni lazima iwe zamu kwelikweli, na upande wa kaskazini umengoja yake muda mrefu hata nikashuku kwamba nilifurahia "gari" ile kupita ilivyostahili kisanaa.

Katika mswada wa tatu dereva amepata jibu. Anaulizia bei ya mbuzi, anatajiwa, kisha anasema kwamba sasa ameelewa maana ya "ghali", na safari hii analitamka sawasawa. Mama mwenye duka ndiye aliyeitunga sentensi hiyo, na akataka aisome yeye mwenyewe kwa sauti ya kiume. Tulimkubalia, kwa kuwa dereva wa kweli alikuwa amekwisha kuondoka na lori lake asubuhi.