Kabla Injini Haijapoa

Katika gari la zamani, hitilafu inayosumbua kuliko zote ni ile inayokuja na kuondoka. Ile inayolilaza gari gereji moja kwa moja ina nafuu yake. Peugeot 404, gari lililoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968, halina kompyuta ya kusimulia lililolipata. Likizima ghafla mlimani, likapumzishwa nusu saa, likawaka na kuondoka kana kwamba halikuwa na neno, fundi aletewe nini? Ndiyo maana nashikilia kwamba umahiri wa kazi hii haupimwi kwa wepesi wa kushika spana. Unapimwa kwa kujua cha kutazama katika dakika chache za mwanzo, injini ingali moto, kwa sababu chuma kikipoa ushahidi nao umekwenda.

Injini ya petroli inataka hewa, petroli na cheche kwa wakati wake. Hewa ni nadra kupotea ghafla, kwa hiyo shaka hubaki kwa hao wawili, na namna gari linavyozima huanza kuwatenganisha. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hudai cheche 100 kila sekunde. Umeme ukikatika hunyamaza papo hapo, kama taa iliyozimwa kwenye swichi. Petroli ikikatika, kabureta bado ina akiba kidogo kwenye bakuli lake, hivyo gari hukohoa, hurukaruka, ndipo likazima. Mpaka hapo ni rahisi. Ugumu unaanza pale maradhi ya pande zote mbili yanapopona kwa dawa moja, yaani kupumzika. Koili iliyochoka hutanuka kwa joto na waya wake mwembamba ukaachana mahali ulipokatika. Ikipoa, ncha hukutana tena. Kondensa nayo huweza kukata ikiwa moto. Upande wa pili, taka za tangini huvutwa na pampu hadi mdomo wa bomba zikaliziba. Injini ikizima, mvuto huisha nazo hudondoka. Tundu la hewa la kifuniko cha tangi likiziba, ombwe huizuia petroli mpaka hewa ijipenyeze polepole. Tena petroli yenyewe huweza kuchemka ndani ya bomba, na pampu iliyoundwa kusukuma kimiminika haiwezi kusukuma mvuke. Anayepanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huonewa mara mbili: injini inafanya kazi ngumu zaidi, na huko juu petroli huchemka kwa joto dogo zaidi.

Nusu saa baadaye visa vyote hivyo ni kisa kimoja. Dakika ile gari lilipozima, havifanani hata kidogo. Waya mkubwa wa koili ukichomolewa kwenye distributa na kushikiliwa kwa koleo yenye mpini wa mpira karibu na chuma cha injini, stata ikipigwa, cheche kali ya buluu huiondolea koili shaka. Ya njano na dhaifu humrudisha fundi kwenye kondensa na platini. Halafu atachungulia koo la kabureta na kuusukuma mkono wa akselereta: petroli isiporuka, bakuli ni tupu. Kifuniko cha tangi kikivuta pumzi ndefu kinapofunguliwa, kimejitaja chenyewe. (Cheche kwanza, petroli baadaye, anayegeuza mpango huo anacheza na moto, na hilo si fumbo.)

Wapo watakaosema haya ni maringo ya wazee: platini na kondensa ni bei nafuu, badilisha vyote, koili nayo, ushike njia. Giza likiingia porini, siwezi kuwabishia. Lakini kipya si lazima kiwe kizima. Kondensa mpya yenye kasoro hujificha kuliko ya zamani, kwa sababu aliyeifunga hathubutu kuishuku. Tena aliyebadilisha vitu 4 kwa mkupuo, gari likipona, hajui kilichoponya. Pengine ni ule waya mfupi ndani ya distributa, unaopinda kila bamba la platini linaposogea, ukakatika ndani ya ganda lake huku nje ukionekana mzima. Mkono wake uliugusa tu alipokuwa akifunga platini. Waya huo utakata tena.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba magari ya leo hujisemea, basi elimu hii imepitwa. Nadhani imebadilisha nguo tu. Sensa ya krenkishafti ikizeeka hufanya vituko vilevile vya koili: hukata ikiwa moto, huamka ikipoa, na mara nyingine haiachi msimbo wowote kwenye kompyuta. Msimbo ukiachwa, huonyesha ni njia gani ya umeme iliyokaa kimya, bila kusema kama kosa ni la sensa, la kiungio chake au la waya uliosuguliwa na chuma. Mashine ya kupimia ikichomekwa gereji asubuhi, injini baridi, hupima gari lililokwisha kupona. Fundi anayejua kazi huichomeka, akampa mwenzake usukani, wakaenda kupanda mlima mpaka gari likate.