Heri Chenga

Msitu wa Amani hauna huruma na kamera. Uko Usambara Mashariki, wilayani Muheza, kama mita 900 juu ya bahari, na ukungu unaotoka upande wa pwani hupenda kujikalia juu ya miti asubuhi. Chini ya matawi, saa moja na nusu, mwanga ni wa kukopa. Wapo wanaoingia humo na lenzi ndefu mkononi, bila stendi, wakatoka na picha. Hao nawapa heko.

Stendi yenyewe haifai kitu hapa: hujamaliza kufungua mguu wa tatu, mbega keshahamia mti mwingine.

Hesabu ni ngumu. Lenzi ya milimita 400 hutaka kasi ya 1/400 ya sekunde ili mtetemo wa mkono usionekane. Saa hiyo huipati, labda uipandishe ISO mpaka 6400 na zaidi, na chenga zijae pichani. Lenzi nyingi za leo zina kitulizi ndani, na mwenye mkono mzuri hushuka hata 1/60. Lakini kitulizi humtuliza mpiga picha, hakimtulizi ndege.

Kwa hiyo kazi inarudi mwilini. Viwiko vimebanwa mbavuni, bega limeegemea shina, kiganja cha kushoto kimeibeba lenzi kwa chini. Pumzi inatolewa nusu, kidole kinabonyeza taratibu, picha tatu nne mfululizo. Ya kwanza mara nyingi huharibiwa na kidole chenyewe. Mbega akitafuna, kichwa kizima hucheza. Akisikia tawi limekatika, huacha kutafuna asikilize. Hapo ndipo.

Kuna ndege asiyetulia kabisa. Mtaalamu wa ndege R. E. Moreau alikuja Amani mwaka 1928, kwenye kituo cha utafiti walichokianzisha Wajerumani mwaka 1902, na mwaka 1931 ndege mdogo wa hapa mwenye mdomo mrefu akapewa jina lake; leo huitwa Artisornis moreaui. Nje ya milima hii anajulikana kaskazini mwa Msumbiji tu, na maisha yake ni ndani ya mitambaazi iliyosongamana. Aliyempata akiwa wazi kabisa aachwe atambe.

Wengi huivuta lenzi hadi mwisho. Naona ni uroho. Irudishe hadi 200: mtetemo unapungua, tundu la lenzi aghalabu linapanuka kidogo, na msitu nao unaingia pichani.

Na flashi je? Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Carl Georg Schillings alitega kamera usiku kwenye nyika za kaskazini na kuwamulika wanyama kwa unga wa flashi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905. Ni picha za ajabu, ila wanyama wake wengi wana sura ya mtu aliyefumaniwa.

Mimi heri chenga. Programu za kompyuta huzifuta, na zikizidisha, manyoya ya mbega hugeuka plastiki. Za nini? Chapisha picha kwa ukubwa wa kalenda ya ukutani: chenga huzioni, lakini mtikisiko utauona tangu mlangoni.