Sensa Imemhesabu Mwana, Mama Je?

Wahakiki tumezoea kusoma riwaya na kuziachia ripoti za serikali vumbi la makabati. Mimi nimeisoma sehemu ya ulemavu katika sensa ya 2019 vile ninavyosoma hadithi: nani anasema, nani anasemewa, na nani hayumo kabisa.

Maswali ni sita. Je, mtu ana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana? Yalihusu wenye miaka 5 kwenda juu. Jibu la taifa lilikuwa asilimia 2.2. Embu ilipita 4, na kaunti za Kaskazini Mashariki zikawa miongoni mwa za mwisho. Ukisoma harakaharaka utadhani Garissa imebarikiwa. Lakini swali ndilo huzaa jibu. Usonji hauna swali lake mle, na Kisomali, lugha ya nyumba nyingi za Garissa, hakina neno lililozoeleka la hali hiyo. Mtoto anaona, anasikia, anatembea. Sasa mzazi amwambie nini karani aliyesimama mlangoni?

Kasoro kubwa zaidi ni ya mhusika. Asiyeweza kujihudumia, si anahudumiwa na mtu? Huyo mtu hatajwi. Chukua mfano wa mama wa Bulla Iftin mwenye kijana wa miaka 22 asiyelala usiku, na ambaye mlango ukiachwa wazi hukimbilia barabarani. Mama ameacha kuuza maziwa sokoni ili amchunge. Kwenye jedwali la ulemavu kijana ni namba. Mama hata nukta si nukta.

Mpango wa Inua Jamii angalau unamtaja. Unaipa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani kama 66 kwa siku. Ili kijana akubaliwe, lazima ionekane kwamba anahitaji mtu wa kumhudumia kila wakati. Kazi ya mama ndiyo ushahidi, lakini malipo yake hayamo.

Halafu wanamwita mlezi. Hebu tulipime neno hilo. Kulea kuna mwisho: mwana hukua akajitegemea. Kuuguza pia kuna mwisho: mgonjwa hupona, au hututoka. Mwana wa mama huyu ameshakua, wala si mgonjwa, na kazi iko palepale. Kiswahili chetu bado kinamdai jina.

Najua nitaambiwa: kwetu jamaa ni wengi, ayeeyo yupo, shangazi yupo. Kweli, na wanasaidia sana. Lakini ukame ukibana, jamaa huhama na mifugo, na mwenye kijana kama huyu hubaki mjini peke yake.

Sensa ijayo iongezewe swali moja tu: anayemhudumia ni nani, na akichoka nani anampokea? Majibu yakiwa "hakuna" kutoka Garissa hadi Mandera, hapo kaunti itajua ni maeneo yapi ya kupelekea watu wa kushika zamu, walau mama apate kulala.